Khalti, pesa ya mwani ya mama nailipia jimu

Assalamu alaykum Khalti, shikamoo. Mie ni mtoto wa kike nina miaka 22, kwetu Pemba upande wa Micheweni, nasoma chuo hapa Unguja mwaka wa pili, chuo chenyewe sikitaji ila kiko nje ya mji mpaka upande daladala ndo ufike mjini. Nakuandikia usiku huu kwasababu sipati usingizi, na jambo lenyewe pengine ukilisikia utaliona dogo lakini kwangu limekuwa zito.

Khalti mie nafanya mazoezi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sukari, akakatwa mguu wakati mie niko kidato cha pili, na mie ndo nilokuwa nampeleka msalani na kumfunga kidonda kila nikitoka skuli mpaka Mungu alipomchukua. Mama nae mwaka jana kashaambiwa ana pressha. Sasa nilivofika chuo nkaona mwili unaongezeka, maana darasani nakaa, maktaba nakaa, hosteli nakaa, jioni chipsi au urojo, nikipanda ngazi mpaka gorofa ya pili nahema kama mtu mzima. Nkaogopa kweli, nkasema mie sitaki kufika alipofika bibi.

Kiwanja cha chuo kipo lakini kila jioni ni mpira wa wavulana. Nilijaribu kukimbia pembeni, siku ya kwanza wakapiga miluzi, siku ya pili mmoja akanichukua video akaituma kwenye grupu la darasa, watu wakacheka wakaweka maneno, basi nikaacha hapo hapo. Netiboli ipo kwa jina, inaamka yakikaribia mashindano baina ya vyuo yakisha inalala. Shoga yangu mmoja ndo akanipeleka jimu ya wanawake mjini, mwalimu mwanamke, mlango unafungwa, unavua baibui unafanya unalotaka hakuna anaekutizama. Khalti nilipenda wallahi, nikitoka pale nalala vizuri, mgongo hauumi, hata kusoma nasoma.

Tatizo pesa. Jimu ni elfu 45 kwa mwezi, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki inafika kama elfu 20. Halafu nilinunua raba za elfu 70, traksuti ndefu na hijabu yake elfu 45, sidiria ya mazoezi elfu 25. Juzi nimekaa nimepiga hesabu ya miezi mitano yote nkapata laki nne na elfu 65, nkatetemeka. Mkopo wangu unanilipia ada, pesa ya kujikimu haitoshi, kwahiyo mama ndo ananijazia, na mama analima mwani. Mwezi mzuri ananitumia elfu 80, mwezi mbaya elfu 50. Na mie, Mungu anisamehe, nilimwambia pesa ni za kuchapisha notsi na kazi za vikundi.

Kaka yangu yuko mjini hapa anafanya kazi, aliazima simu yangu kupiga akaiona meseji ya malipo ya jimu. Alinisema mpaka nikalia. Akasema mama anaingia baharini na mgongo wake ule, wewe unalipia kurukaruka, wanawake wa shamba jembe lao ndo jimu na wako wazima. Akasema mwisho wa mwezi anakwenda Pemba na atamwambia mama kila kitu. Na yeye Khalti kila Alkhamis usiku na wenzake wanachanga pesa wanakodi kiwanja cha nyasi bandia, na msimu mpya ukianza ananunua jezi ya timu yake, hajaulizwa na mtu hata siku moja.

Nimeacha jimu wiki ya tatu sasa. Usingizi umeondoka, mgongo umerudi, na mitihani iko mbele wiki nne. Nifanye nini Khalti, niache kabisa? Nimwambie mama au ninyamaze nimuombe kaka aninyamazie? Au ndo kweli mazoezi ni ya wenye pesa?

Ni mie, mtoto wa Micheweni.

KHALTI ANAJIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale pa kumfunga bibi kidonda ukitoka skuli niliweka simu chini kwanza. Mtoto aliyeyaona yale kwa macho yake akasema mimi sitaki kufika hapo, huyo si mtoto wa kuambiwa anarukaruka.

Tuanze na kaka yako maana naona ndo alokuondolea usingizi. Kwenye mgongo wa mama amesema kweli, usimbishie. Kazi ya mwani mimi naijua, unasimama ndani ya maji umeinama unafunga vipando kwenye kamba, jua kichwani chumvi miguuni, halafu mzigo uliorowa unaupandisha mpaka pwani, na ikifika kuuza bei anaipanga mnunuzi. Kila shilingi inayotoka pale imetoka kwenye kiuno cha mtu. Lakini ile ya kusema jembe ndo jimu, hapo kakosea. Mwenye jembe kutwa yuko wima, wewe kutwa umekaa, na umekaa kwasababu wao ndo walokutuma ukakae usome. Mwili wa mtu anaekaa saa nane kwa siku hauwezi kuhesabiwa jasho la mama yake aliyoko baharini, kila mwili unahesabiwa wa kwake. Na sukari ikiwa imepita kwenye ukoo wewe ndo wa kujichunga zaidi, maana msuli unapofanya kazi unaivuta sukari ilokuwa kwenye damu na kuitumia, ndo maana hata madaktari wanamwambia mgonjwa wa sukari atembee, wala hawamwambii akae apumzike.

Na hilo la Alkhamis yake usiku, mimi nataka umwambie. Usimwambie kwa kumpiga nalo, mwambie kwa utulivu kabisa, kaka wewe unachangia kiwanja kwasababu mwili wako unataka na roho yako inataka, na mimi hivo hivo. Mwache afikirie. Hajaulizwa kwasababu mpira wa mwanamme huku kwetu hauhesabiwi kuwa ni matumizi, unahesabiwa kuwa ni kawaida tu kama chai, ila mwanamke akitoa elfu tano kwa ajili ya kiwiliwili chake nyumba nzima inaitisha kikao.

Sasa njoo kwenye pesa yenyewe. Elfu 65 kwa mwezi kwa mara kumi na mbili, maana yake kila ukienda unalipa kama elfu tano na mia nne. Nimejiuliza huyu mtoto ananunua nini pale? Vyuma? Hapana, kwenye barua yako yote hukutaja chuma hata kimoja. Ulichotaja ni mlango unafungwa na hakuna anaekutizama. Mwanangu wewe unanunua ukuta. Nenda Maisara jioni yoyote ukaone, au pita Mnazi Mmoja, vijana wa kiume wamejaa, wengine pekupeku, mpira mmoja watu ishirini, na wengine wako Forodhani wanachupa baharini mpaka jua linazama, yote bwerere. Mtoto wa kike akitaka nusu ya kile lazima kwanza akodi mahali pa kujificha, na huko kujificha ndo kuna bei. Kwahiyo mazoezi si ya wenye pesa, mazoezi kwa mtoto wa kike wameyazungushia gharama ambayo mwenzake wa kiume haijui, na hili linaniuma kwasababu hata mimi nililipitia. Nilikuwa mchezaji mzuri sana wa nage mtaani kwetu, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira wenyewe wa matambara, tunapiga mpaka adhana ya magharibi, nilipovunja ungo nikaambiwa basi umeshakuwa mkubwa, kaa ndani. Ndugu zangu wa kiume waliendelea. Mimi nilikaa, na magoti yangu leo yananiambia nilikaa sana.

Na akija mtu kukuletea dini katikati mwambie Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume, rehma na amani zimfikie, na mara ya kwanza alimshinda. Stara ni wajibu na wewe umeilinda mpaka umeilipia, hakuna wa kukuambia kitu hapo.

Basi ukuta tuutafute kwa bei nyengine. Huko hosteli hauko peke yako, nakuhakikishia wapo wasichana wengine wanahema kwenye ngazi hizo hizo na wanaogopa miluzi hiyo hiyo. Tafuta wanne tu, usingoje wawe ishirini. Mkishaswali alfajiri, kukianza kupambazuka vizuri, tokeni pamoja mtembee kwa kasi nusu saa, wavulana wengi saa hiyo wamelala, na watu watano wakiwa pamoja hapigi mtu mluzi kirahisi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ya kutembea mpaka unahema kidogo lakini bado unaweza kuzungumza, na juu yake siku mbili za kuitia misuli kazi. Nusu saa kwa siku tano ndo hizo 150 zishatimia na hujatoa hata senti. Na wanasema kila dakika inahesabika, hata ukipanda ngazi, hata ukitembea kidogo baada ya kula, na wewe hiyo ya baada ya kula uishike sana kwa ajili ya hilo la sukari.

Misuli ifanye chumbani. Kamba ya kuruka haina bei, kama chini wanalalamika na kelele basi acha kuruka, chuchumaa na kuinuka, pushapu za kuegemea ukuta mpaka upate nguvu za kushuka sakafuni, lala chali uinue kiuno, hiyo ya kiuno ndo dawa ya mgongo wako wa kukaa. Uzito unao ndani ya nyumba, chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, dumu la lita tano likijaa maji ni kilo tano. Uliyofundishwa na yule mwalimu wa jimu unayo kichwani, hakuna wa kukunyang'anya, hiyo miezi mitano haikupotea, ulilipa ada ya kujifunza na sasa umejua.

Halafu kuna jambo nataka ulifanye wiki hii kabla mitihani haijakubana. Chukua ile karatasi ya mchanganuo wa ada uliopewa ulipojiunga, isome mstari kwa mstari. Vyuo vingi vinatoza pesa ya michezo humo humo, na wanafunzi wanailipa mpaka wanamaliza hawajawahi kuliona jina lake. Kama ipo, basi wewe na wenzako mmeshalipia kiwanja na ukumbi, mmelipia sawa sawa na wale wavulana. Andikeni barua fupi, majina kumi yanatosha, muipeleke kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi na nakala kwa mshauri wa wanafunzi, ombeni kitu kimoja tu na mkitaje kwa saa na siku: ukumbi upande wa wanawake, Jumatatu na Jumatano saa kumi na moja jioni, mlango ufungwe. Ukiomba "mtukumbuke wasichana" utaambiwa inshallah mpaka umalize chuo, lakini ukiomba siku na saa lazima wakujibu ndio au hapana. Na ile video, kwenye mazungumzo hayo hayo na mshauri wa wanafunzi itaje. Kumchukua mtu video akifanya mazoezi na kuituma watu wamcheke ni kumdhalilisha, usiimeze kama mzaha, na usijilaumu kuwa ulikimbia pembeni ya kiwanja chako mwenyewe.

Mitihani ikisha tafuta pia vikundi vya mazoezi vya mitaani, Unguja vipo na Pemba vipo, wale unaowaona tarehe 1 Januari wamejaa barabarani na traksuti zao siku ya mazoezi. Kwenye vikundi vile kuna kinamama watu wazima kabisa na mitandio yao, wanatembea, wanaimba, na michango yao ni midogo. Ukirudi kwenu likizo tafuta cha huko, usije ukakaa miezi miwili ukaanza upya.

Pesa ulotumia usiililie yote. Raba elfu 70 umefanya vizuri, mguu ndo unaobeba mwili na hizo zitakufaa muda mrefu ukizitunza, na siku zikichakaa nenda kwenye mtumba Mwanakwerekwe asubuhi mzigo ukifunguliwa, ikunje raba katikati, ikikunjika kama chapati iache, bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao iache pia. Sidiria ya mazoezi wala usimwombe mtu radhi, watu wanaiona anasa kwasababu hawajawahi kukimbia bila hiyo. Ninachotaka ukate ni nauli na ile ya kila mwezi, na kama roho inataka sana ile jimu basi weka mara moja moja ya kulipia siku kama wanakubali, kwa pesa ulojichumia likizo, isitoke kwenye mwani. Na watakaokushawishi kununua makopo ya protini wakwepe. Yai moja lina gramu kama sita za protini, maharage na mbaazi zipo, dagaa wetu hawa hawa tunaowaona kila siku wana protini nyingi, kula hivyo upunguze chipsi zile za jioni, utaona.

Sasa mama. Nimemuweka mwisho kwasababu ndo kubwa, kubwa kuliko elfu 65.

Mwanangu, kwa mama yako ndugu yako asikutangulie. Ukimuomba kaka anyamaze utakuwa na siri mbili badala ya moja, na hiyo ya pili itakuwa mikononi mwa mtu mwengine, kila mkigombana ataitikisa. Akienda yeye akasema, mama atasikia jimu na uongo kwa pamoja, kwa sauti ya hasira, na mengine hatayasikia. Ukisema wewe atasikia na sababu. Kumbuka aliekatwa mguu ni mama yake mzazi. Unadhani yeye amesahau? Yeye ndo alokuwa anatoka baharini anamkuta mama yake vile kitandani, na wewe mtoto ndo ulokuwa unamsaidia. Hakuna mtu duniani atakaekuelewa kwenye hili kama yeye, ndo maana inanisikitisha kwamba yeye ndo ulomdanganya.

Usimtumie meseji, mpigie. Na usimpigie asubuhi za bamvua, saa nne saa tano maji yametoka na yeye yuko ndani ya mwani, hata akipokea atakuwa ana haraka. Mpigie usiku baada ya isha akishaoga akishakaa. Usianze na kulia, ukianza na kulia atadhani una mimba au umefukuzwa chuo, utamtia pressha bure. Anza hivi: mama nataka kukwambia jambo, mie mzima, chuo naendelea vizuri, ila nimekudanganya na nataka uniwie radhi. Halafu mwambie, pesa ulizonitumia nyengine sikuchapishia notsi, nimelipia mahali pa mazoezi kwa sababu ya bibi, naogopa, na kila nikikaa darasani mgongo ukiuma namkumbuka. Mtajie hesabu yote, laki nne na elfu 65, usipunguze hata mia. Mwambie na ulivopanga sasa, kwamba utatembea na wenzio alfajiri na hutolipa tena kwa pesa yake. Kisha nyamaza, mwache aseme atakachosema, hata akikasirika mwache akasirike, ni haki yake, ile pesa ilimuuma mgongo kabla ya kufika kwako. Akishamaliza ndo umuulize habari ya pressha yake, kama dawa anakunywa kila siku au anakunywa akijisikia kichwa tu, maana wengi wanafanya hivo na si sawa. Na ukienda likizo, lile zoezi la kulala chali na kuinua kiuno mfundishe, mfanye pamoja juu ya mkeka, mgongo wake unalihitaji kushinda wako.

Ukishamaliza na mama mtumie kaka meseji moja tu: nimeshamwambia mwenyewe. Hapo hana tena cha kupeleka Pemba.

Mitihani imebaki wiki nne na wewe hulali, kwahiyo usisubiri mwisho wa mwezi. Mpigie kesho usiku, halafu asubuhi yake toka ukatembee, hata kama siku hiyo utakuwa peke yako na shoga yako mmoja. Niandikie unieleze alichosema.

Khalti